Stomata za sukuma wiki: shajara ya mradi wangu wa biolojia

Jumamosi, 10 Januari 2026

Nimenunua daftari la mistari miraba na nimeamua litakuwa la kitu kimoja tu. Mtihani wangu wa biolojia wa kidato cha sita, ule wa Cambridge, una karatasi tano. Nne naziweza, au angalau naziheshimu. Ya tano ndiyo inayonitoa jasho: alama 30, dakika 75, na mbele yako hakuna hata neli moja ya kioo. Unapewa swali, unapanga jaribio kwa kalamu, kisha unaletewa takwimu za mtu mwingine useme zimekosea wapi. Desemba nilijaribu karatasi ya zamani nikapata 11.

Nilimlalamikia binamu yangu wa Arusha kwa simu. Yeye yuko kidato cha sita cha kwao, anachukua PCB (fizikia, kemia na biolojia), na hana huruma. Akaniambia, "Utapangaje jaribio na hujawahi kuwa na la kwako likakuharibikia?"

Basi nitalitafuta la kuniharibikia.

(Hapa mtaani ukitaja kidato cha sita watu wanauliza kama unahamia Tanzania. Kwetu Kenya kiliondolewa na mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulioanza 1985, kikabaki kwenye shule na vituo vinavyofuata mtaala wa Uingereza. Changu ni kituo kidogo ghorofa ya tatu, katikati ya jiji la Nairobi. Tuna hadubini nne, moja ina ukungu ndani ya lenzi kubwa. Maabara ni yetu Jumamosi tu, saa nne hadi saa sita.)

Swali nimelipata nikiwa kwenye matatu. Kando ya Outering Road, chini ya nyaya kubwa za stima, kuna sukuma wiki zimelimwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Zina vumbi hadi rangi yake ni ya kijivu. Nyumbani Mama ana sukuma kwenye magunia juu ya paa la ploti, safi, zinang'aa. Je, sukuma za barabarani zina stomata, vile vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa, chache kuliko za Mama?

Jumamosi, 17 Januari

Majani kumi ya barabarani, majani kumi ya gunia. Ya barabarani nilinunua kwa shosho, bibi mzee anayelima pale. Nilimwambia nataka jani moja kutoka kila mmea, akanitazama kama mtu anayetaka kununua punje moja ya mahindi. Alinipa, nikamlipia fungu zima.

Njia ni rahisi na haihitaji kemikali ya kutisha. Unafuta vumbi, unapaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, sehemu ndogo kama ukucha wenyewe, mbali na mshipa mkubwa. Unasubiri ikauke kabisa. Unabandika seloteipu, unaibandua taratibu, inatoka na chapa ya ngozi ya jani. Unaibandika kwenye slaidi. Sukuma ina nta, kwa hiyo chapa inabanduka bila kurarua kitu. Nilijaribu jani la mwembe wa jirani, nikaambulia vipande.

Sitasahau mara ya kwanza picha ilipotulia kwenye lenzi ya 40. Kitabuni stomata ni midomo miwili iliyopangwa vizuri. Hapa ilikuwa kama nimeangalia chini kutoka kwenye ndege nikaona mtaa usio na mpango: seli za ngozi zimepinda kama vipande vya fumbo la picha, na katikati yao vidomo vimetawanyika, vingine wazi, vingine vimefumba. Kila kimoja kimezungukwa na seli tatu, mbili kubwa na moja ndogo imebanwa pembeni. Mwalimu alisema huo ndio mpango wa jamii nzima ya kabichi, na kwamba mtu akikupa chapa bila jina la mmea, hizo seli tatu zisizolingana ni dokezo zuri.

Nilipima upana wa duara ninaloliona kwa kutumia slaidi yenye rula ya milimita moja iliyogawanywa mara mia. Milimita 0.45. Kwa hiyo eneo ni 3.142 × 0.225 × 0.225, yaani 0.159 ya milimita mraba. Nahesabu stomata ndani ya duara, nagawanya kwa 0.159, napata idadi kwa kila milimita mraba. Sehemu tatu kwa kila jani. Leo nimemaliza majani nane, shingo inauma.

Jumamosi, 24 Januari

Nimemaliza majani yote 20. Wastani kwa duara moja: gunia 35.2, barabara 28.6. Ukigawanya, ni kama 221 na 180 kwa milimita mraba. Nilijua!

Jumanne, 27 Januari

Jaribio la t, yaani hesabu ya kupima kama tofauti ya wastani mbili ni ya kweli au ni bahati tu. Nilikaa nalo mezani baada ya chakula, na kikokotoo cha ndugu yangu mdogo kwa sababu changu kimekwisha betri. Yeye ameingia gredi ya kumi mwezi huu, wao ndio wa kwanza kufika sekondari ya juu kwa mtaala mpya, na amechagua sayansi, kwa hiyo anajiona mwenzangu.

Mara ya kwanza niliweka hesabu zote 60 kana kwamba ni vitu 60. Jibu la t lilikuwa kubwa hadi nikapiga makofi. Kisha nikakumbuka kosa ambalo mwalimu huzungushia duara jekundu kila wiki: maduara matatu ya jani moja si mashahidi watatu, ni shahidi mmoja aliyesema mara tatu. Kilichopandwa, kikamwagiliwa na kupata vumbi ni mmea. Nina mimea kumi na mimea kumi, basi.

Nikarudia kwa wastani wa kila jani. Mchepuko sanifu, yaani jinsi hesabu zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni 5.1 kwa gunia na 4.6 kwa barabara. Tofauti ya wastani ni 6.6. Naigawanya kwa mzizi wa (26.01 ÷ 10 + 21.16 ÷ 10), ambao ni 2.17. t ni 3.04. Digrii huru (mimea 20 ukitoa makundi mawili) ni 18, na kwenye jedwali kikomo cha 0.05, ambacho t ya bahati tu hukivuka mara tano kwa mia, ni 2.101. Nimekivuka. Tofauti ni ya kweli, si bahati.

Nimempigia binamu. Amesema hongera, kisha akauliza jaribio limeharibika wapi. Wivu.

Jumamosi, 31 Januari

Mwalimu alisoma kurasa zangu zote amesimama. Hakusifu, hakulaumu. Aliuliza maswali matatu, nayanukuu kama nilivyoyaandika pembeni:

"Nani alihesabu?" Mimi.

"Ulijua jani limetoka wapi wakati unahesabu?" Slaidi nilikuwa nimeziandika B na G kwa kalamu ya wino mweusi. Nilijua, ndiyo.

"Vumbi linaondoaje stomata kwenye jani lililokwisha kukua?"

Hilo la tatu lilinimaliza. Idadi ya stomata hupangwa jani likiwa changa, linapokuwa bado linagawanya seli zake. Jani la sukuma ninalonunua limeshapanga mambo yake zamani. Vumbi linaweza kuziba mlango, haliwezi kung'oa mlango. Kwamba mimea hubadilisha idadi hiyo kufuatana na hewa ni jambo linalojulikana: mwaka 1987 mtaalamu wa mimea F. I. Woodward alichapisha kwenye jarida la Nature hesabu za majani yaliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa muda wa miaka 200 hivi, akaonyesha stomata zimepungua kwa kama asilimia 40 wakati hewa ukaa ikiongezeka. Na 2001 kundi lililokuwa na Woodward huyo huyo likaonyesha kwamba majani makubwa ndiyo yanayopima hali ya nje na kuyatumia majani machanga ujumbe. Kwa hiyo kama barabara ina neno, inamwambia mtoto kupitia kwa mzazi. Nilikuwa na namba bila hadithi ya kuzieleza, na nilizifurahia hivyo hivyo.

Lakini swali la pili ndilo nililokwenda nalo nyumbani.

Jumamosi, 7 Februari

Leo nimepiga picha. Unaweka kamera ya simu juu kabisa ya lenzi ya jicho, unasogeza taratibu mpaka duara linajaa, unabana pumzi, unabonyeza. Slaidi zile zile 20, picha 60. Mwanafunzi mwenzangu alinishikia taa. Simu yangu haina nafasi tena. Nimefuta video za harusi ya shangazi, asijue.

Jioni nilimpa ndugu yangu simu. Kazi yake: azibadilishe picha majina, 1 hadi 60, ovyo ovyo, aandike orodha kwenye karatasi na kuificha. Aliifanya kwa uzito wa afisa wa uchaguzi. Alikataa hata kuniambia karatasi iko chumba gani.

Jumatano, 11 Februari

Nimehesabu siku nne, picha 15 kila jioni. Kuna jambo nililiona tangu picha ya tatu, na nimeona haya kuliandika.

Duara lina ukingo. Kila picha ina stomata tano, sita, nane zilizokatwa na ukingo, nusu ndani nusu nje. Wiki zile sikuwa na kanuni juu yake. Sikujiambia "nitadanganya". Nilikuwa naangalia tu, na macho yakiona G yanaikaribisha ile ya ukingoni, yakiona B yanaiacha mlangoni. Tena, kabla ya kuhesabu nilikuwa nasogeza slaidi nitafute "sehemu nzuri". Kwa gunia, sehemu nzuri ilikuwa ile yenye stomata zinazoonekana vizuri, yaani nyingi. Kwa barabara nilikuwa nachukua ya kwanza iliyokuja, kwa sababu tayari ilikuwa inakubaliana nami.

Safari hii nimejiwekea kanuni ukutani: iliyokatwa inahesabiwa ikiwa zaidi ya nusu yake iko ndani. Basi. Haijalishi nani.

Ndugu yangu alileta karatasi yake saa tatu usiku. Tukapanga upya. Gunia 33.4, barabara 31.0. Michepuko 4.9 na 5.3. t ni 1.05, na kikomo ni kile kile 2.101.

Slaidi zile zile. Majani yale yale. Ile tofauti ya stomata 6.6 kwa duara, zaidi ya nne zilikuwa zangu mimi. Na hata hizi 2.4 zilizobaki siziamini, maana sehemu za kupiga picha nilichagua mwenyewe slaidi zikiwa bado na herufi zake.

Sikulala mapema.

Jumamosi, 14 Februari

Nilirudi kwa shosho, nikitaka tu kumuuliza anapanda lini. "Habari ya asubuhi, shosho." "Njema, msichana wangu wa jani moja." Nikamwambia habari ya mradi. Akaniuliza zetu za gunia ni mbegu gani. Nikasema ni sukuma. Akacheka mpaka akashika kiuno. Zake ni Southern Georgia, jani pana. Akaniomba nimwelezee za Mama, jani la Mama ni jembamba lenye mikunjo, akasema hizo ni Thousand Headed. Aina mbili tofauti! Hata kama t yangu ingesimama, nisingejua ni barabara au ni mbegu. Na umri wa majani sikuulinganisha, na maji Mama humwagia kila jioni, shosho hutegemea mtaro. Katika karatasi ya tano swali la "taja vitu vitatu ambavyo vingepaswa kuwa sawa" lina alama tatu. Shosho angezipata zote.

Naachana na barabara. Swali jipya, dogo, ambalo lina sababu ya kibiolojia: mwanga. Kitabu kinasema jani lililokulia juani huwa na stomata nyingi kwa eneo kuliko la kivulini. Nimenunua kwa shosho miche 16 ya kitalu kimoja, shilingi chache tu, na safari hii hakunicheka. Magunia 16 madogo, udongo wa rundo moja. Nilirusha sarafu kuamua nani aende wapi, mpaka upande mmoja ulipojaa: nane katikati ya paa, nane nyuma ya tangi la maji ambako jua hufika saa moja tu kwa siku. Maji kikombe kimoja kila mmoja, asubuhi.

Jumapili, 1 Machi

Miche inakua. Ya kivulini imerefuka na kuegemea upande wa jua kama abiria anayechungulia dirishani. Nimefunga uzi mwekundu kwenye jani changa la nne la kila mche, ili yote niyachume yakiwa na umri unaokaribiana. Mche mmoja wa kivulini umeliwa na viwavi usiku mmoja, umebaki mifupa. Saba.

Alhamisi, 19 Machi

Nimerudi kutoka masomoni nikakuta harufu nzuri jikoni. Mama amepika ugali na sukuma. Kwenye karai la maganda kulikuwa na nyuzi mbili nyekundu.

"Mama, hizi nyuzi zilikuwa kwenye sukuma?"

"Nilifikiri ni wewe umezifunga zisianguke. Nimechuma zile kubwa kubwa, si zilikuwa tayari?"

Kubwa kubwa. Zote mbili za juani. Nilikula, nifanye nini, zilikuwa tamu. Lakini nikiwa mezani nikaanza kuelewa ukubwa wa hasara, na si ya idadi. Stomata zikishapangwa, jani huendelea kutanuka, na zinatawanyika kama maandishi kwenye puto linalojazwa hewa. Jani kubwa lina stomata chache kwa milimita mraba hata kama lilipewa idadi ile ile mwanzoni. Mama ameondoa makubwa kutoka upande mmoja tu. Waliobaki juani ni wadogo, kwa hiyo wataonekana na stomata zilizosongamana zaidi. Mama amesukuma jibu langu upande ninaoutaka, kama nilivyofanya mimi Januari, na yeye vilevile bila nia mbaya.

Jumamosi, 21 Machi

Nimechuma kabla ya mtu mwingine hajachuma. Juani sita, kivulini saba. Chapa, slaidi, picha. Sehemu za kupiga picha sikuchagua: nilifunga macho nikasukuma slaidi, nikafungua, nikapiga hapo hapo. Isipokuwa mshipa ukiwa katikati. Hapo nasukuma tena. Ndugu yangu amechukua simu kubadilisha majina bila kuombwa.

Mwalimu ameona nyuzi mbili nilizobandika kwenye ukurasa wa Alhamisi. Amekaa kimya kidogo, kisha akaandika pembeni: faharasa ya stomata.

Jumatano, 25 Machi

Mvua imeanza, stima imepotea mara mbili, nimehesabu kwa mwanga wa simu yenyewe.

Juani wastani 36.5, mchepuko 4.0, mimea sita. Kivulini 28.9, mchepuko 4.4, mimea saba. Kwa milimita mraba ni kama 230 na 182. t ni 7.6 kugawanya kwa 2.33, yaani 3.26. Digrii huru 11, kikomo 2.201.

Imevuka. Sijapiga makofi.

Ijumaa, 27 Machi

Faharasa ni hivi: idadi ya stomata, gawanya kwa stomata pamoja na seli za ngozi zote za eneo hilo, zidisha kwa mia. Jani likitanuka, stomata na seli zinaachana kwa pamoja, kwa hiyo uwiano haujali ukubwa wa jani. Inajibu swali ninalotaka hasa: mmea uliamua kutengeneza stomata nyingi zaidi, au umezisambaza tu? Kwa hiyo ndiyo dawa ya chakula cha Alhamisi.

Tabu ni kwamba lazima uhesabu seli za ngozi, na hizi ndizo zile zilizopinda kama fumbo. Duara moja lina zaidi ya mia. Nachapisha picha kwa shilingi kumi kwenye duka la mtandao, naweka nukta ya kalamu kwenye kila seli ili nisirudie. Picha ya kwanza: stomata 36, seli 122. Hiyo ni 22.8 kwa mia. Ya pili: 29 na 118, ni 19.7. Sijui ipi ni ya wapi, na sitauliza.

Jumapili, 29 Machi

Picha 17 kati ya 39. Binamu amepiga simu. Wao mtihani wao uko karibu. Nikamsomea orodha: kanuni ya ukingo, mashahidi watatu walio mmoja, mbegu mbili, Mama. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniomba nimtumie picha za ukurasa wa 11 Februari.

Nimerudia ile karatasi ya Desemba kwa muda kamili: 21. Nilipoteza nne kwenye grafu, kwa uvivu wa kuandika vipimo kwenye mihimili.

Sasa niko kwenye picha ya 18. Ndugu yangu anaihesabu naye, kwenye nakala yake, ili tuone tunaachana kiasi gani. Yeye amepata stomata 31, mimi 29. Tumezipitia moja moja kwa ncha ya kalamu. Moja alihesabu mara mbili, amekubali. Nyingine iko ukingoni, upande wa kulia chini, na yeye anasema zaidi ya nusu iko ndani. Nimeleta rula.